Maswali ya Wasomaji: Je, Manabii wa Israeli Walikuwa na Akili Timamu?

Toleo lililopita niligusia kwa aya mbili tu kisa cha Ezekieli kulala ubavu, nikapita. Wasomaji hamkupita. Barua zimenijia nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: hawa watu waliosema "Bwana asema hivi," vichwani mwao mlikuwa na nini? Nimechagua barua sita. Kwa wageni wa safu hii, nilikuwa muuguzi wa wodi ya magonjwa ya akili kwa miaka 19, ndipo nikaenda kusoma Kiebrania, na sasa nafundisha Agano la Kale. Swali hili limekaa katikati ya kazi zangu zote mbili, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma saikolojia, mwaka wa pili. Wiki iliyopita mhadhiri wetu alisema manabii wa Agano la Kale wangekuwa hai leo wangelazwa wote, akamtolea mfano Ezekieli. Darasa zima likacheka. Mimi nimelelewa na vitabu hivyo, sikucheka, lakini jibu pia sikuwa nalo. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mhadhiri wako hakulizua. Mwaka 1946 mtaalamu mmoja wa Biblia nchini Marekani, Edwin Broome, aliandika kwamba Ezekieli aliugua skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili unaovuruga mawazo na kuleta sauti, na mwaka uliofuata Karl Jaspers, Mjerumani aliyekuwa daktari wa akili kabla ya kuwa mwanafalsafa, naye akachapisha uchunguzi ulioelekea huko huko. Walichokitazama kimo kitabuni kweli. Ezekieli anaketi siku 7 kati ya Wayahudi waliohamishiwa Tel-abibu huko Babeli, ameduwaa, hasemi. Ulimi wake unagandamana na kaakaa. Ananyoa nywele na ndevu kwa upanga, anazipima kwenye mizani, theluthi anaiteketeza, theluthi anaipigapiga kwa upanga, theluthi anaitawanya kwenye upepo. Analala kwa ubavu wa kushoto siku 390, kisha wa kulia siku 40, akiwa amefungwa kamba.

Ningeletewa maelezo hayo zamu ya usiku, bila jina la mtu, ningeandika kile nilichofundishwa kuandika. Lakini fomu ya kumpokea mgonjwa ni mwanzo tu. Baada ya hapo unakaa naye. Nilikaa miezi na kijana mmoja aliyekuwa akijaza madaftari, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchongea penseli. Ukurasa wa kwanza ulisomeka. Wa pili, sentensi zilianza kukatika katikati. Kufikia wa kumi lilikuwa neno moja, limerudiwa toka juu hadi chini, penseli imekandamizwa hata karatasi ikatoboka. Alinipa nisome, akawa ananitazama usoni, na alipoona sijaelewa akalia. Alikuwa na jambo la kutuambia na ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya njia ya kulisema.

Sasa fungua Ezekieli. Kitabu kimepangwa kwa tarehe, tena zaidi ya 10, mwaka na mwezi na siku, zikihesabiwa tangu mfalme Yehoyakini alipochukuliwa mateka kwenda Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. Wazee wa Yuda wanakuja nyumbani kwake, wanaketi mbele yake kungoja neno. Sura ya 33 inasema watu walikuwa wakiambizana milangoni mwa nyumba, haya twende tukamsikilize, maana kwao alikuwa kama mwimbaji mwenye sauti nzuri. Kilichomwumiza ni kwamba walisikia, wakafurahi, wakaenda zao.

Na kule kulala? Mwaka niliposoma sura ya 4 kwa Kiebrania kwa mara ya kwanza, nilijilaza ubavu wa kushoto tangu saa tatu usiku, nijue tu. Ilipofika saa nane bega lilikuwa limekufa ganzi na sikio linawaka moto. Asubuhi nikapima mkate kwenye mizani ya jikoni: zile shekeli 20 alizoruhusiwa kwa siku ni kama gramu 230. Unaenea kiganjani. Ndipo nikaona jambo ambalo sikuwa nimelitia maanani miaka yote: sura hiyo hiyo inamtaka aoke mkate mbele ya macho ya watu. Mtu anayeoka hajalala. Naamini basi kwamba lilikuwa onyesho la saa kadhaa kila siku, mbele ya wahamishwa waliokuwa na ndugu zao ndani ya Yerusalemu. Mji ulichorwa juu ya tofali, sufuria la chuma likasimama kuwa ukuta, na yeye mwenyewe akawa mtu aliyezingirwa. Walioona walielewa.

Kisha mkate wenyewe. Anaambiwa auoke kwa mavi ya binadamu. Ezekieli ni kuhani, anakataa: tangu ujana wangu sijaingiza kinywani kitu kilicho najisi. Na anajibiwa, vema, tumia kinyesi cha ng'ombe. Hapo ndipo mimi husimama kila mara. Sauti nilizosimuliwa wodini zilikuwa haziombeki. Zilitukana, zilirudia, zilizidi ukali ukizijibu. Hii inasikiliza pingamizi na kulegeza sharti.

La mwisho kwako, mwanangu. Usidhani Waebrania hawakujua tofauti. Daudi alipojifanya mwendawazimu mbele ya mfalme Akishi wa Gathi, alikwaruza mbao za mlango na kuachia mate yatiririke ndevuni. Akishi akauliza kama amepungukiwa na wenda wazimu, na neno analolitumia ni lile la Kiebrania meshuga. Neno hilo hilo manabii walirushiwa usoni. Hosea analikariri. Shemaya alilitia kwenye barua kutoka Babeli, akidai Yeremia afungwe mkatale. Na kule Ramoth-gileadi, nabii kijana alipomwita jemadari Yehu pembeni, maafisa wenzake waliuliza, huyu mwenye wazimu alikuwa anakutakia nini? Yehu alipowaeleza kwamba amepakwa mafuta awe mfalme, watu hao hao walivua mavazi yao pale pale, wakayatandika ngazini chini ya miguu yake, wakapiga tarumbeta. Sekunde moja ni mwehu, ya pili wanamtii. Hiyo ndiyo hali ambamo manabii walifanya kazi, na ni ngumu kuliko alivyoisema mhadhiri wako.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mama. Mimi ni mchungaji. Nilihubiri juu ya Sauli kulala uchi mbele ya Samweli, na baada ya ibada mzee mmoja akaniuliza: ina maana nabii alikuwa anapandwa, akili inatoka, Mungu anatumia mwili mtupu? Nilijibu ndiyo, lakini moyo haukutulia.

JIBU: Amina, mchungaji. Nashukuru kwamba haukutulia, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kusema neno langu hasa.

Habari za Sauli ni za kweli kwa namna zinavyoeleza hali ya kupandwa. Katika 1 Samweli 10, kundi la manabii linateremka kutoka mahali pa juu, mbele yao kinanda, tari, filimbi na kinubi. Samweli amekwisha mwambia Sauli: utageuka uwe mtu mwingine. Anapokutana nao, hali hiyo inamshika. Katika sura ya 19 anatuma watu wamkamate Daudi huko Naiothi, alikokimbilia kwa Samweli. Wajumbe wa kwanza wanaona manabii katika hali hiyo, nao wanashikwa. Anatuma wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo. Anakwenda mwenyewe, anavua nguo, analala chini mchana kutwa na usiku kucha. Mtu yeyote aliyewahi kusimama katikati ya watu wengi wanaoimba kwa mdundo mmoja anajua mwili unavyoweza kubebwa. Kitenzi cha Kiebrania kinachotumika hapo, hitnabe, ndicho kinachotumika pia katika sura ya 18 Sauli anapoweweseka nyumbani na mkuki mkononi, roho mbaya imemjia. Lugha yenyewe haikutenga unabii huo na wazimu.

Wala halikuwa jambo la Israeli peke yake. Kule Mari, mji uliokuwa kando ya mto Frati katika Syria ya leo, wachimbaji kutoka Ufaransa walianza kufukua mwaka 1933, wakatoa maelfu ya vibao vya udongo. Vingine ni barua za karne ya 18 kabla ya Kristo kwa mfalme Zimri-Lim, zikimpasha habari za manabii. Aina moja ya manabii hao iliitwa muhhum, jina lililotoka kwenye kitenzi cha kurukwa na akili. Na afisa aliyeandika barua mara nyingine alifungasha pamoja nayo kishungi cha nywele za nabii na pindo la vazi lake, ili mfalme apige ramli ajue kama habari ni ya kuaminika. Hebu mwone huyo nabii, mchungaji: amesema maneno mazito kwa mfalme, na anayekwenda kujibu kwa niaba yake ni kipande cha nguo.

Sasa tazama jambo hili. Sauli alitabiri nini? Rudi usome sura zote mbili. Hakuna hata neno moja lililoandikwa. Yale makundi matatu ya wajumbe yalisema nini? Hakuna. Katika hadithi za kupandwa, maneno hayapo, kilichobaki kwenye kumbukumbu za watu ni mwili uliolala uchi na methali, "Je! Sauli naye yumo miongoni mwa manabii?" Ukifika kwa Amosi, Hosea, Isaya, Yeremia, mambo yamegeuka. Mwili unatajwa kwa nadra, na maneno ndiyo kila kitu, yamepangwa kwa mashairi yenye vina vya maana na mizaha ya sauti. Mashairi ya namna hiyo hayatungwi na mtu ambaye hayupo.

Na huyu mtu aliyepo anajua kutenga la kwake na lisilo lake. Nathani anamwambia Daudi, haya, fanya yote yaliyo moyoni mwako, ujenge nyumba ya Mungu. Ni maoni yake, mazuri tu, ya rafiki wa mfalme. Usiku ule ule neno linamjia kinyume, na asubuhi anarudi kumwambia mfalme kwamba hapana.

Lakini sura ninayoipenda kuliko zote ni Yeremia 42. Yerusalemu umekwisha kuanguka. Gedalia, liwali aliyewekwa na Babeli, ameuawa Mispa na Ishmaeli mwana wa Nethania. Waliosalia wamekimbia na Yohanani mwana wa Karea, wamepiga kambi karibu na Bethlehemu, wanawake, watoto, askari, wote uso umeelekea Misri kwa hofu ya kisasi cha Wakaldayo, yaani Wababeli. Wanamjia Yeremia: tuombee, utuambie njia. Wanaapa kutii, liwe jema liwe baya. Yeremia anasema nimesikia, nitaomba.

Halafu siku 10 zinapita.

Fikiria siku hizo, mchungaji. Askari wanahesabu maji na unga. Kila asubuhi mtu anatoka hemani anamtazama mzee usoni. Yeremia ana maoni yake, anayajua, ameyahubiri miaka mingi: msiende Misri, mkae chini ya Babeli. Angeweza kuyasema siku ile ile ya kwanza na hakuna ambaye angegundua. Hakusema. Alingoja mpaka neno likaja, na lilipokuja likawa lile lile alilolihubiri siku zote: kaeni, msiende. Wakamjibu, unasema uongo, ni Baruku mwana wa Neria anayekuchochea. Yaani walidhani kichwa chake kimejazwa na karani wake. Wakaenda Misri, wakambeba na yeye.

Ngoja hiyo ya siku 10 ndiyo saikolojia ya unabii wa Kiebrania kwa upeo wake, kwa maoni yangu. Mtu aliyepandwa hangoji; akishashikwa ameshashikwa. Anayetunga hangoji pia, kwa sababu maneno anayo. Anayengoja ni yule anayesikiliza moyo wake mwenyewe, anautambua kwa sauti, na kuuambia: wewe nakujua, nyamaza kwanza. Alifanya hivyo pia na nabii Hanania hekaluni, aliyevunja nira ya mti aliyokuwa Yeremia ameivaa shingoni mbele ya watu na kutangaza kwamba vyombo vya hekalu vitarudi ndani ya miaka 2. Yeremia alisema amina, Bwana na afanye hivyo, akakumbusha maneno ya manabii wa kale, kisha akaenda zake. Jibu la nira ya chuma lilimjia baadaye.

Kwa hiyo mwambie mzee wako: Sauli, ndiyo. Yeremia, hapana.

SWALI: Kwa nini Amosi aonyeshwe kikapu cha matunda? Mbona ni kitu kidogo hivyo kwa habari kubwa ya mwisho wa taifa?

JIBU: Kwa Kiebrania matunda ya kiangazi ni kayitsi na mwisho ni ketsi. Amosi alikuwa mchungaji wa kondoo kutoka Tekoa na mtunzaji wa mikuyu. Matunda ndiyo macho yake yalikozoea kutua. Anaona kikapu, anaulizwa unaona nini, anataja jina la kitu, na jina linapotoka kinywani linageuka kuwa hukumu. Ni kama mtu amwone paa porini, aseme "paa," na hapo hapo asikie anaamriwa aruke. Kuna jambo zaidi. Alihubiri Betheli, katika ufalme wa kaskazini, na matamshi ya huko yalifupisha neno la kwanza. Tunaliona kwenye kibao kidogo cha chokaa kilichopatikana Gezeri mwaka 1908, kalenda ya mkulima ya karne ya 10 kabla ya Kristo: mwezi wa matunda ya kiangazi umeandikwa kwa konsonanti mbili tu. Kwa masikio ya watu wa Betheli maneno hayo mawili yalikaribia kuwa neno moja.

Yeremia naye aliona tawi la mlozi, shaked, akasikia shoked, "ninaangalia." Ezekieli kuhani aliona makerubi. Isaya, mtu wa Yerusalemu, alimwona Mungu hekaluni mwaka aliokufa mfalme Uzia, na pindo za vazi zimejaa ukumbi. Kila mmoja alionyeshwa kwa vitu alivyokuwa navyo tayari kichwani. Kama akili ingekuwa inatolewa nje, maono yote yangefanana.

SWALI: Mama, na wanawake je? Au walikuwa wakiimba na kucheza tu kama Miriamu?

JIBU: Kitabu cha torati kilipopatikana hekaluni mwaka 622 kabla ya Kristo, Yeremia alikuwa amekwisha anza kazi miaka 5 nyuma. Mfalme Yosia alituma watu 5, kuhani mkuu mmojawapo, na wakaenda kwa nabii Hulda, mke wa Shalumu, aliyekaa mtaa wa pili wa Yerusalemu. Hakuna ala ya muziki, hakuna kuanguka. Waliuliza, alijibu, wakapeleka jibu kwa mfalme.

SWALI: Nilisoma mahali kwamba roho ya unabii haikai kwa mtu mwenye huzuni au hasira. Mimi nimefiwa na mume mwaka huu na tangu hapo siwezi hata kuomba. Je, Mungu hasemi na mtu aliyevunjika?

JIBU: Pole sana, dada yangu.

Ulichosoma kina msingi wa kale. Walimu wa Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya Kiyahudi, walisema hivyo, wakimtaja Elisha. Katika 2 Wafalme 3 anakutana na mfalme wa Israeli na anamkasirikia waziwazi: kama si kwa heshima ya Yehoshafati, nisingekutazama. Mara anasema, nileteeni mpiga kinanda. Kinanda kinapopigwa, mkono wa Bwana unamjia. Walimu wakaelewa kwamba ilibidi hasira ishuke kwanza. Karne nyingi baadaye Musa bin Maimuni, aliyezaliwa Kordoba mwaka 1138 na kufa Misri mwaka 1204, mwanafalsafa na daktari wa dawa kwa wakati mmoja, akalieleza kitabibu: unabii hupitia uwezo wa kuwaza na kupiga picha akilini, na uwezo huo ni wa mwili, huchoka na kudhoofika kwa majonzi. Akamtaja Yakobo, ambaye siku zote za kumlilia Yusufu hakupata ufunuo.

Namheshimu sana Maimuni. Nimeona wafiwa wengi, na hilo la kuchoka ni kweli kabisa. Huwezi kuomba kwa sababu mwili umeishiwa, wala hujaadhibiwa. Lakini kwamba huzuni hufunga mlango wa Mungu, hapo siwezi kwenda naye, na ninayemshika mkono ni Yeremia. Tumbo langu, tumbo langu, ninaumwa, anasema katika sura ya 4, moyo unapiga, siwezi kunyamaza. Katika sura ya 20 anamlaumu Mungu kwamba amemhadaa, anasema nikijaribu kulinyamazia neno lake linakuwa moto uliofungiwa mifupani. Huyo ni mtu aliyevunjika, na bado alisema nalo likasikika.

Na kuna Ezekieli 24. Anaambiwa kwamba tamaa ya macho yake itaondolewa kwa pigo moja, naye asilie, asiombolezee kwa sauti, avae kilemba na viatu kama siku ya kawaida. "Nikasema na watu asubuhi," anaandika, na jioni mke wake akafa. Kesho yake alivaa viatu. Majirani wakamwuliza maana ya hayo, na akawaambia kwamba Yerusalemu ukianguka na wao watakuwa hivyo, huzuni imezidi hata machozi hayatoki. Sijawahi kuipenda sura hiyo, na sitakuambia kwamba naielewa yote. Ila ndani yake mjane mwanamume amekaa kimya na viatu vyake miguuni, hana kilio, na neno liko naye. Wewe huna amri ya kutolia. Lia, dada. Maombi yatarudi mwili ukipata nguvu.

SWALI: Shikamoo Mama. Mdogo wangu ana miaka 20. Anasikia sauti ikimwita kwa jina, sasa ni miezi mitatu. Anasema ni Samweli mpya. Wengine nyumbani wanafurahi, wengine wanataka afungwe. Wiki hii hajalala usiku 4 mfululizo, na juzi alisema sauti imemwambia asile. Tufanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nakujibu mwisho, lakini barua yako ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko zote.

Kusikia sauti peke yake si ugonjwa. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales alichapisha matokeo ya kuwahoji watu 293 waliofiwa na wenzi wao wa ndoa. Karibu nusu walikuwa na namna fulani ya kumhisi, kumwona au kumsikia marehemu, na walikuwa watu wazima wenye akili zao, ila wengi hawakuwa wamemwambia mtu. Kwa hiyo msimcheke mdogo wako, wala msimwambie hasikii kitu. Anasikia.

Lakini usiku 4 bila usingizi, na sauti inayomkataza chakula, hayo ni mambo ya hospitali, na ni leo. Msingoje ibada ya Jumapili wala mwisho wa mfungo. Mpelekeni kwa daktari wa akili, na mmwambie daktari hayo mawili kabla ya mengine yote: halali, na ameambiwa asile. Anayetaka kumfunga kamba mwambie kamba itamwongezea hofu. Anayesema dawa ni kukosa imani, mwambie nimempa dawa mchungaji, nimempa mwalimu wa kwaya, nao wakalala, wakaamka, wakaomba.

Na kwa kuwa yeye mwenyewe amemtaja Samweli, msomeeni sura ya 3 taratibu, mkiwa njiani au mkingoja foleni. Kijana analala Shilo karibu na sanduku la Mungu. Anasikia jina lake, anakimbia kwa Eli: nipo hapa, umeniita. Eli anasema sikukuita, kalale tena. Mara ya pili, kalale tena. Mara ya tatu ndipo mzee anatambua, na hata hapo anamrudisha kitandani. Sauti ile haikumnyima usingizi wala chakula. Na kijana hakuachwa aifasiri peke yake gizani. Alikuwa na mtu wa kumkimbilia, mtu asiyeona vizuri na mwenye aibu za nyumba yake mwenyewe, lakini aliyekuwa macho kila alipokuja.

Kulipokucha Samweli aliogopa kusema. Eli ndiye aliyemwita, akamwambia asimfiche hata neno moja. Habari ilikuwa mbaya, tena ya nyumba ya Eli mwenyewe, naye aliisikiliza yote bila kumkatiza. Nawe mwulize mdogo wako hivyo hivyo, asubuhi, mkiwa wawili tu: imesema nini usiku huu? Umwache amalize. Kisha mshike mkono mwende.